Kitu Kinachoshuka

Jumanne lifti ikafa
kati ya ghorofa ya nne na ya tano.
Haikulia, haikugutuka,
ilinyamaza tu, kama mtu aliyechoka kuulizwa.

Mimi niko ya saba. Nachonga meno ya bandia.
Dirishani kwangu naiona Owino yote, mabati kwa mabati,
na kaloli, wale ndege wenye vipara,
wakikagua jalala kama maafisa wa kodi.
Mwenye jengo aliponipangisha alisema, "Huku juu ni nafuu."
Sikuuliza nafuu hiyo inabebwa na nani.

Miaka sita nimepanda bila asante.
Daraja tunalikatia utepe,
lami mpya tunaipigia vigelegele,
lakini kile kisanduku cha bati,
kioo chake chenye ufa,
kitufe cha tatu kilichofutika kwa vidole,
nani aliwahi kukitazama?
Mle ndani tulitazama viatu vyetu.

Shuleni walituambia kinaitwa kambarau.
Tulicheka, tukaendelea kusema lifti.
Wiki ile nikalisikia neno lenyewe: limeanza na kamba,
na kwenye kamba hiyo tulikuwa tumetundika
mafundi cherehani wanane, kliniki ya macho,
wakili mmoja, wachungaji wawili wasiosalimiana,
na mimi na meno yangu.

Jumatano wateja wakaishia ya pili.
Wa ya pili, waliozoea kusinzia juu ya vitambaa,
wakaamka, wakapandisha bei.
Bi Nalweyiso, niliyempima taya mwezi mzima,
alisimama chini akanipigia simu:
"Daktari" (mimi si daktari)
"meno yangu hayajambo huko mbinguni?
Yaambie yashuke. Magoti yamekataa."
Nikashuka nayo vidato mia moja arobaini na viwili,
nimeyafunga kwenye leso.
Akayavaa palepale, katikati ya marobota ya mitumba,
akang'ata hewa mara mbili,
akatabasamu, na wabebaji wakapisha.

Aliyenufaika ni Odongkara.
Shilingi mia tano kila ghorofa,
elfu moja kama mzigo una kona.
Alipandisha cherehani, maji, sufuria za matooke
zikiwa bado zinafuka mvuke chini ya majani.
Alhamisi alimshusha mtoto kutoka kliniki,
bandeji machoni, akimhesabia ghorofa kwa Kiacholi
ili giza lisiwe refu: acel, aryo, adek.
Kufika jioni mgongo wa shati lake
ulikuwa umechorwa ramani ya chumvi,
na mfukoni, alituonyesha mwenyewe,
karo ya muhula, kasoro kidogo.

Ijumaa akaja fundi, Nambozo, kutoka Mbale,
ovaroli kaikunja hadi viwikoni.
Akaufungua mlango wa shimo, akaniita nichungulie.
Harufu ya grisi. Giza lenye kina.
Na ukutani, limening'inia, pande la chuma,
refu, jembamba, kama jeneza lililosimamishwa.
"Hilo nini?"
"Mwenzenu. Mkipanda, linashuka. Mkishuka, linapanda.
Bila hilo mota ingeungua zamani."
Akapangusa mikono, akaomba soda.

Miaka sita. Nilidhani napanda peke yangu.

Saa kumi taa ikawaka.
Tukaingia tukisukumana, wakili, wachungaji wote wawili,
mwanamke na trei ya mayai,
na kabla hata mlango haujatikisika
tulikuwa tumekwisha kuinamia viatu vyetu.
Mimi niliinua macho. Nikamwona Odongkara
amekaa kidato cha kwanza, anakunja gunia lake,
mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama kitabu.
Nikanyoosha mkono kuuzuia mlango.
Ulikuwa umefunga.

Tulipanda.
Nyuma ya bati, karibu na sikio langu,
nikakisikia kitu kikishuka.